Google Earth Pro: Bofya Kile Kisaa cha Juu

Haya, karibuni tena. Leo ni Google Earth Pro, programu ya kutazama dunia kwa picha za setilaiti, ile ya kupakua kwenye kompyuta, siyo ile ya kivinjari. Kwamba dunia inazunguka na unaivuta karibu kwa kipanya, hilo mnalijua. Bei? Bure tangu 2015. Kabla ya hapo leseni ilikuwa dola 399 kwa mwaka, jamani!

Sasa kisaa, kile cha kukuonyesha picha za miaka ya nyuma. Tazama ule mstari wa vitufe juu: saa yenye mshale wa kijani. Usiibofye kwanza. Andika Kigamboni Bridge, lile daraja la Dar es Salaam, kwenye kisanduku cha kutafutia, ukishatua bonyeza R kwenye kibodi ili utazame wima kutoka juu, kaskazini ikiwa juu. Ukiacha picha imeinama, kulinganisha miaka ni kujisumbua.

Bofya saa. Kimetokea kitelezi cha miaka, siyo? Usikiburute! Ukiburuta, kinaanza kupakia picha za njiani na bando linateketea. Tumia vishale vya pembeni, picha moja moja. Rudi hadi miaka ya kabla ya 2012: mkondo wa Kurasini ni maji matupu. Sogea mbele taratibu, ujenzi unaanza, nguzo zinasimama majini. Fika baada ya Aprili 2016: daraja zima, mita 680, na magari juu yake. Hapa mimi naweza kushinda kutwa.

Najua kuna atakayeandika hapo chini, "Mbona kwangu barabara inapita juu ya maji hata kabla ya ujenzi?" Ni tabaka la Roads hilo. Mistari ile ni ya leo, inabandikwa juu ya picha ya mwaka wowote. Nenda Layers, kushoto chini, toa tiki kwenye Roads, toa na 3D Buildings. Umeona?

Kinachoudhi: picha za miaka tofauti hazilingani sawasawa. Nyumba ileile inahama mita kadhaa, kwa sababu kila setilaiti ilipiga kwa pembe yake. Kwa hiyo usipimie mpaka wa kiwanja humu ukaenda kugombana na jirani. Na zile za miaka ya 1980 ni za Landsat, setilaiti za Marekani, nukta moja ni mita 30, nyumba usitafute.

Toleo la kivinjari nalo lilipewa picha za zamani 2024, sawa. Lakini hili la kompyuta linahifadhi ulikopita, hadi MB 2,000 kwenye diski, kwa hiyo intaneti ikikatika bado unaona kitu. Ongeza kiwango kifike hapo kwenye Tools, Options, Cache.

Video ijayo ni QGIS, programu ya bure ya kutengeneza ramani, mliiomba wenyewe, kwa hiyo jiunge na chaneli. Na wewe ambaye dunia inafunguka nyeusi tii, usifute programu: Help, Launch Repair Tool, badilisha njia ya kuchora picha kutoka DirectX iwe OpenGL, kisha ifungue upya.