Blenda nzuri, jagi ndo kesi

Nimeitumia hii blenda ya jagi la kioo kama miezi nane hivi na kusaga inasaga kweli, karanga, nyanya, hata barafu kidogo haigomi. Shida jagi. Juzi mwenzangu tunayekaa nyumba moja kalitoa kwenye friji akalimwagia maji ya moto eti atoe harufu ya kitunguu saumu, paa! likapasuka juu mpaka chini. Kioo cha kawaida hakitaki baridi na moto ghafla, upande mmoja unatanuka mwingine bado. Sasa nani alipe? Yeye bahati mbaya, mimi nasema bahati mbaya sawa ila jagi langu jamani 😂. Tukaishia nusu kwa nusu, maana kumlipisha bei ya jipya kwa kitu cha miezi nane ni uonevu, halafu juisi tunakunywa wote na kuosha anaosha yeye. Angelivunja kwa hasira angelipa lote. Kilichoniudhi zaidi nimeulizia jagi peke yake wanasema haliuzwi, ununue blenda nzima! Nyota tatu, kama mnaishi wengi chukueni ya jagi la plastiki.