Kava la bodi ya pikapu: kagua kwanza mlango wa nyuma

Wenye pikapu wanalalamika jambo lilelile: kava ni la alumini, lina ufunguo, limekula pesa nyingi, lakini wakipita njia ya vumbi kama ile ya Engaruka kwenda Ziwa Natron, mabegi yanashushwa yakiwa hayatambuliki rangi. Wanalaumu kava. Vumbi halikuingilia juu, limeingilia mlango wa nyuma.

Gari likitembea, hewa ya nyuma yake inakuwa na msukumo mdogo, hivyo vumbi linalotimuliwa na matairi linavutwa kurudi mgongoni mwa gari na kupenya palipo wazi. Na bodi ya pikapu imejaa palipo wazi, kwa sababu kiwandani ilitengenezwa ili maji yatoke. Chini ya mlango kuna upenyo wa upana wote, pembeni kuna mianya miwili, na kwenye bawaba kuna matundu ambayo karibu kila fundi huyasahau.

Kwa hiyo mpira wa kuziba mianya ya mlango ununuliwe siku moja na kava. Tafuta ule wenye tumbo wazi ndani, unaobonyea, si sponji ya gundi ya madirisha ambayo jua huivunjavunja. Kwa Hilux ya dabo kabini, mita 4 zinatosha chini, pembeni na juu pale mlango unapokutana na kava. Kujua unene, bandika vidonge vya udongo wa kuchezea watoto sehemu kadhaa, funga mlango, fungua, kisha pima vilivyobonyea. Chukua mpira unaozidi kipimo hicho kwa milimita 2 au 3. Ukizidisha, mlango hautashika komeo vizuri na utalegea njiani. Futa bati kwa spiriti, bandika, acha gundi ikae siku nzima kabla ya kufungua mlango. Kama bodi ina sahani ya plastiki ya kulinda bati ndani, ikate pembeni ili mpira ukae kwenye bati lenyewe. Ukibandikwa juu ya plastiki, vumbi litapita chini yake.

Kisha ndipo uchague kava.

Ninaloliweka juu ya yote ni la kukunja kwa rola, la alumini, na hasa Mountain Top ya Denmark. Vibao vyake vimekaza, unaweza kulifungua nusu ukabeba pipa lililosimama, na kioo cha nyuma cha kabini hakizibwi. Ubaya wake ni boksi la rola, ambalo linachukua karibu sentimita 25 hadi 30 za mbele ya bodi yenye urefu wa mita 1.5 tu. Boksi hilo lina mipira miwili ya kutolea maji, mmoja kila kona. Mipira hiyo ikiziba kwa tope, mvua ya kwanza inamwagikia mzigo. Ipulize kwa kompresa kila baada ya msimu wa vumbi, kuanzia chini kwenda juu.

La pili ni la vipande vitatu vigumu vinavyokunjwa. Halili nafasi ya bodi na hufungwa kwa klampu bila kutoboa. Kagua mipira ya maungio: ikikauka, inapasuka kwenye mkunjo, na maji yanaingia katikati kabisa ya mzigo.

Kanopi ya faiba, yaani kibanda kigumu kinachofunika bodi yote, kama Carryboy, inamfaa anayebeba vitu virefu au anayelala garini. Ina mlango wa kioo juu ya mlango wa nyuma, maana yake mianya mingi zaidi ya kuziba.

Kava la kipande kimoja lenye shoki za gesi ni zuri kwa macho, lakini mzigo ukizidi kimo cha bodi huna pa kuliweka. La turubai la kubana linachanwa kwa wembe.

Sasa wauzaji. Inaudhi kusikia bei ikitajwa "pamoja na kufunga", halafu mpira wa mlango unakuwa bei yake mbali, na mipira ya maji ya rola inaachwa imening'inia ndani ya bodi kwa sababu fundi hakutaka kutoboa. Wengine wanatoboa na kuacha bati tupu. Baada ya masika moja, tundu lina kutu. Kila tundu lipakwe praima, livalishwe kizibo cha mpira, na mpira wa maji utokezee chini ya gari. Na "inaingia gari zote" usiikubali: taja mwaka wa gari, aina ya kabini, na kama kuna roli-baa (bomba la chuma linalosimama nyuma ya kabini), kwa sababu reli nyingi za rola hazikai nayo bila vishikizo maalum.

Kabla ya kumalizia malipo, weka magazeti makavu ndani, funga kila kitu, mwagia maji kwa mpira wa bomba dakika 10 ukianzia pembe za mbele. Gazeti likilowa kona, shida ni mipira ya maji. Likilowa karibu na mlango, mwambie fundi arudie mpira wa mlango mbele yako.