Vinyago vya bustani: akriliki au rangi ya mafuta?

Kila tukikaa barazani na brashi mkononi, swali ni lile lile: vinyago hivi vya vibwana wenye kofia ndefu, vilivyochomwa bila kutiwa glezi (ule utando wa kioo unaong'arisha vyombo vya udongo), tuvipake rangi gani?

Kauri ya namna hii hunywa maji kama chungu kipya. Akriliki, rangi inayochanganywa kwa maji, huishika vizuri, hukauka upesi kwa joto la Mombasa, na brashi huoshwa kwa maji tu. Wanangu siwapi nyingine. Lakini bila vanishi ya nje, mvua za masika huichakaza. Rangi ya mafuta hung'aa yenyewe na ni ngumu, ila hukawia kukauka, hutaka tapentaini, na harufu yake haifai chumbani.

Wengi husahau tako la kinyago. Likiachwa tupu, unyevu hupanda kutoka ardhini na kubambua rangi yoyote. Ya mafuta ndiyo hufura malengelenge, maana haiuachi unyevu utoke. Kausha kinyago kabisa, kisha uzibe chini.

Kwa kibaraza chenye paa, au ukipaka ndevu na nyusi pamoja na watoto, chukua akriliki. Kinyago cha kusimama wazi Nyali, kwenye jua na upepo wa chumvi, mimi ningekipaka ya mafuta.