Mganga wa mifupa ya ng'ombe: uzoefu wangu hapa Bahi

Huku kwetu Bahi, mkoani Dodoma, ng'ombe akivunjika mguu huitwa watu wawili, mganga wa mifupa na mchinjaji. Mara nyingi mchinjaji ndiye hufika kwanza, na mnyama ambaye angepona anauzwa kwa bei ya hasara. Ndiyo maana nimeamua kueleza niliyoyaona kwa mtamba wangu, maana huduma ya wazee hawa wanaounga mifupa ina thamani kubwa, ila si kwa kila mvunjiko.

Mtamba mwenyewe ni wa asili, ana damu kidogo ya ng'ombe wa aina ya Mpwapwa. Kiangazi udongo mweusi wa mbuga hukauka ukapasuka, na ufa mmoja ulimnasa mguu wa mbele wakati kundi linakimbilia maji. Mfupa ulikatika chini ya goti. Ngozi haikutoboka, na hilo ndilo lililonipa moyo wa kumwita mzee badala ya kumuuza.

Mzee alifika, tukasalimiana mbukwenyi, salamu ya Kigogo, kisha akakaa pembeni kumtazama tu. Alikataza vijana wasimfukuze wala kumvuta. Baadaye wakamlaza taratibu kwa kamba, mguu mbovu ukiwa juu, naye akaupapasa kwa vidole kuanzia kwato hadi gotini, akiulinganisha na mzima. Kijana mmoja akashika juu ya goti, mzee akavuta kwato polepole bila kushtua, mpaka mguu ukanyooka. Nilimwona amefumba macho. Alikuwa anausikiliza mfupa kwa vidole, na kwangu mimi hapo ndipo penye uganga wenyewe.

Dawa aliyotumia ni mmea unaotambaa kwenye vichaka vya migunga, shina lake nene lina pembe nne na mafundo mafundo. Wataalamu wanauita Cissus quadrangularis, na India nako hutumika kwa mifupa tangu zamani. Watafiti wa huko waliujaribu kwa wanyama waliovunjwa mifupa wakaona inaunga mapema zaidi. Utomvu wake mbichi unawasha, kwa hiyo mzee aliupasha kwenye moto kabla ya kuutwanga. Aliupaka juu ya uvimbe, akazungushia kipande cha kanga kuukuu, halafu mabanzi ya mti mkavu aliyoyachonga yakawa laini, kuanzia karibu na kwato hadi juu ya goti. Akafunga kwa kamba za gome la mbuyu. Kidole kilipita chini ya kamba, na kwato pamoja na ngozi iliyo juu yake ziliachwa wazi ili tuone kama ngozi inavimba au kwato zinapoa, maana hiyo ni dalili kwamba kamba zimebana na damu haipiti vizuri.

Tulipishana jambo moja. Alitaka kumchanja chale kwenye uvimbe na kusugua majivu, kama walivyofanya waliomtangulia. Nikamwambia, "Baba, ngozi hii ni nzima, naomba tusiitoboe." Akanyamaza kidogo, akasema, "Sawa mwanangu, ng'ombe ni wako." Namheshimu kwa hilo. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na kwenye mavi ya mifugo, na zizini vyote viwili vimejaa. Kumchanja mnyama wa namna hii ni kuugeuza mvunjiko uliofungika kuwa kidonda.

Afisa mifugo wa kata alipopita alikagua mabanzi akayasifu. Akanieleza kanuni ambayo mzee anaifuata bila kuisoma popote: mfupa uliovunjika lazima kiungo cha juu yake na cha chini yake vyote visicheze. Mabanzi yakiishia chini ya goti, mnyama akikunja mguu mfupa unachezacheza na hauungi. Alimchoma sindano ya maumivu akaondoka.

Maoni yangu, basi: dawa inasaidia, lakini kilichomponya mtamba ni kunyooshwa vizuri, kufungwa vizuri na kutulia. Kutulia ndiko kugumu. Tulimtenga kwenye kizizi chake, tukamtandikia majani makavu, tukawa tunampelekea mabua, mashudu ya alizeti, jiwe la chumvi na maji. Kiangazi cha Dodoma ng'ombe wengi wamekonda, na mfupa hauungi kwa njaa. Uvimbe uliposhuka kamba zililegea, mzee akarudi kuzikaza. Ndama mdogo huunga kwa mwezi hivi, mkubwa huchukua miezi miwili hadi mitatu. Anayefungua mapema kwa sababu mnyama ameanza kukanyaga anamvunja upya. Sasa mtamba anatembea na kundi. Pale palipovunjika pana nundu ngumu, ambayo ni mfupa mpya, na inapungua polepole.

Malipo yalikuwa jogoo na shilingi 40,000, pamoja na chakula cha siku alizokuja. Kwa thamani ya mtamba, ni kidogo mno.

Nisingemwita kwa mfupa uliotoboa ngozi. Hapo osha kwa maji safi yenye chumvi, funika kwa kitambaa safi, afisa mifugo aitwe siku hiyohiyo, na usiruhusu mtu apake mavi au majivu. Nisingemwita pia kwa paja. Jirani yetu alifungiwa dume lake paja, likateseka wiki nyingi, likakonda, mwisho likachinjwa likiwa mifupa mitupu. Misuli ya paja ni mikubwa, inavuta vipande vya mfupa vikapandana, na nyonga haifungiki kwa mabanzi. Mzigo wa mabanzi unaning'inia tu na kuongeza maumivu. Mnyama wa hivyo msimpakie kwenye gari kumpeleka mnadani, achinjwe hapohapo mapema baada ya kukaguliwa. Na kama alishachomwa antibayotiki, mchinjaji aambiwe ukweli, kwa sababu siku za kusubiri kabla ya kula nyama zimeandikwa kwenye chupa ya dawa, na kwa zile za kukaa muda mrefu mwilini zinaweza kufika wiki kadhaa.