Mazoezi ya makipa pale Kikuyu: hela yako haipotei

Wazazi kadhaa hapa Dodoma wameniuliza kuhusu yale mazoezi ya jioni ya makipa pale Kikuyu, kwa kuwa wananiona nikimsubiri mtoto wa kaka yangu pembeni ya uwanja. Kijana ana miaka 17, anadaka, na nia yake ni moja tu: aje kuwa kipa namba moja wa timu ya Ligi Kuu. Mimi ni fundi cherehani, namlipia kwa hela ya nguo za watu, kwa hiyo naangalia kila shilingi inakokwenda. Jibu langu kwa ufupi: mpeleke mwanao. Kwa urefu ni hivi.

Hakuna bango wala ofisi. Ni uwanja wa shule, na mwalimu ni mzee aliyewahi kudaka ujanani, ambaye wote wakubwa kwa wadogo tunamwita Mwalimu tu. Anafundisha makipa peke yao, na hapo ndipo hela yangu inapopata thamani. Kwenye timu nyingi za mtaani kipa ni yatima. Wenzake wanafundishwa kupanga mashambulizi, yeye anapelekwa golini mwishoni apigwe mashuti mpaka giza liingie, halafu Jumapili akifungwa goli la krosi, ule mpira wa juu unaopigwa kutoka pembeni, anatukanwa na uwanja mzima. Nani alimfundisha krosi?

Kilichonivuta zaidi ni ukweli wa yule mzee. Kabla ya hapo tulipita kwa mtu mwingine aliyekuwa anajinadi kuwa ana njia ya kuwapeleka vijana kwenye majaribio Dar es Salaam. Tulilipa hela ya fomu, tukaambiwa tusubiri simu, na simu haikuja. Kwa Mwalimu, siku ya kuandikisha, nilipomsalimia tu na kueleza shida yangu, alinikalisha akanihesabia. "Mama, Ligi Kuu ina timu 16. Maana yake ni magoli 16 ya kusimama, nchi nzima. Winga anaweza kuingizwa dakika ya 70 akaonekana. Kipa wa pili anakaa benchi msimu mzima na hakuna anayemkumbuka."

Na anayajua anayoyasema. Klabu inaruhusiwa kusajili wageni 12, na timu kubwa zimezoea nafasi moja kuipeleka langoni. Yanga walimchukua Djigui Diarra kutoka Mali mwaka 2021, na tangu hapo makipa wazawa pale Jangwani, yalipo makao ya Yanga, wamekuwa wakipokezana benchi. Simba, mwaka 2023, kipa wao namba moja Aishi Manula alipoumia, Ally Salim aliyekulia timu ya vijana akaingia. Akasimama dhidi ya Yanga na hawakumfunga, na Agosti ya mwaka huo akapangua penati pale Mkwakwani, Tanga, Simba wakabeba Ngao ya Jamii, kombe la kufungulia msimu. Nilimshangilia kijana yule kama wa kwangu. Bado msimu huohuo akaletwa Ayoub Lakred kutoka Morocco, na mwaka 2024 akaja Moussa Camara kutoka Guinea. Sisemi wageni hawajui. Diarra anajua, tena sana. Nasema mtoto anayetaka kudaka anastahili kuambiwa mapema mlango ulivyo mwembamba, na Mwalimu anawaambia hata wenye miaka 13.

Sasa mazoezi yenyewe. Nimeshuhudia mengi, lakini ya krosi ndiyo yaliyonifanya nimheshimu. Wenyeji mnaujua upepo wetu wa Julai na Agosti: mpira unapigwa kutoka kona unaonekana unakuja, ghafla unakufa hewani au unasukumwa nyuma ya kichwa cha kipa. Mwalimu anautafuta upepo huo makusudi. Anamweka kijana langoni, anapanga watu watatu mbele yake wa kumsukuma kidogo, halafu mpira unapigwa. Hatazami mikono kwanza, anatazama miguu. Hatua mbili fupi, goti moja juu kujikinga, mpira ukamatwe ukiwa juu kabisa, na kabla ya yote hayo sauti: "Yangu!" Asiyeita, hata kama ameudaka vizuri, anarudia. Wangu ni mpole, anaongea kwa kunong'ona hata nyumbani, na hilo ndilo lililomsumbua kuliko kitu kingine. Miezi ya mwanzo alikuwa anarudia na kurudia wenzake wakimsubiri. Siku hizi namsikia nikiwa barabarani, bado sijafika uwanjani.

Mzee anafuata na sheria mpya. Siku hizi kipa akishika mpira zaidi ya sekunde 8 wapinzani wanapewa kona, na mwamuzi anahesabu tano za mwisho kwa vidole mkono ukiwa juu. Mwalimu anafanya hivyohivyo kwenye mazoezi. Kuna makocha wa timu kubwa tu za mtaani ambao ukiwauliza habari hiyo wanakutolea macho. Dodoma Jiji wakicheza Jamhuri huwa anawakusanya vijana nyuma ya goli na kuwapa kazi: msifuate mpira, mtazameni kipa. Anasimama wapi mpira ukiwa upande wa pili? Anaongea na nani? Kijana wangu alirudi kutoka pale na maswali ambayo sikuwahi kumsikia akiyauliza.

Kuhusu glovu niseme kwa ufundi wangu. Nilimnunulia mpya dukani mjini, bei yake ilinitoa jasho, na mshono wa kati ya kidole gumba na kiganja ukafumuka mapema mno. Ukiangalia ndani, uzi ni wa pamba, mwembamba, na wameshona mstari mmoja mahali panapovutwa kuliko pote. Nimeushona upya kwa uzi wa nailoni, mistari miwili, na mpaka leo umeshika. Lakini ule mpira laini uliobandikwa kiganjani mwa glovu hauna dawa ya cherehani. Changarawe ya Dodoma inaula. Mwalimu amewafundisha kulowesha kiganja kidogo kabla ya kuanza, kuosha kwa maji ya kawaida, kuanika kivulini, na mazoezini kuvaa zilizochakaa ili nzuri zibaki za mechi. Duka lililoniuzia halikunieleza hata moja kati ya hayo.

Kasoro zipo, na mbili ni kubwa. Ya kwanza ni mechi. Mazoezi ni mazuri lakini makipa wanacheza na makipa wenzao. Mshambuliaji wa kweli, mwenye uchu na viwiko, hayupo. Nilimwambia Mwalimu, akakubali, akasema anaongea na timu za Chang'ombe na Kizota wawe wanaalikana. Naomba lifanyike, maana kipa anakomaa kwa mechi. Ya pili ni huduma ya kwanza. Kijana mmoja aliteguka kidole, tukahangaika kutafuta bodaboda ya kumkimbiza hospitali huku hakuna hata bandeji. Kiangazi ardhi pale ni ngumu kama sakafu, na magodoro mawili chakavu aliyoyaleta hayatoshi wote. Sanduku dogo la dawa na barafu kwenye chupa ya chai si gharama ya kumshinda mtu anayepokea shilingi 40,000 kwa mwezi kwa kila mtoto.

Je, kijana wangu atafika? Mimi naamini atafika, na naisema nikiwa nimemtazama kwa karibu. Mikono anayo, na akikutana na mshambuliaji ana kwa ana haanguki mapema, anasubiri mpaka mwenzake aamue. Mguu wa kushoto bado dhaifu, na siku hizi kipa asiyeweza kupiga pasi anaitia timu yake presha. Nisichotaka ni akimbilie benchi la vijana la klabu yenye jina. Mtazame Yakoub Suleiman: alikuwa anadaka JKT Tanzania, akasimama langoni kwa Taifa Stars kwenye CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Agosti 2025 tulipofika robo fainali, ndipo Simba wakamchukua. Manula naye alitoka Azam mwaka 2017 akiwa tayari namba moja. Wote walifika wakiwa na mechi miguuni. Kwa hiyo timu ya Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, itakayompa goli la kulinda kila wiki, hata kama ni mbali na safari ni za basi usiku kucha, ndiyo nitakayomfungashia begi. Mwalimu ana mawazo hayohayo, na ndiyo maana namwamini.

Wenye mabinti msisite. Wapo wasichana wawili pale na wanafundishwa sawasawa na wavulana. Mji huu ndio ulikotoka timu ya wasichana ya shule ya Fountain Gate iliyotwaa ubingwa wa shule za Afrika kule Durban mwaka 2023.

Nampa nyota nne kati ya tano; ya tano nitaitoa siku mechi za kirafiki zitakapoanza. Mazoezi ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na nusu mpaka kabla ya magharibi, ili wanafunzi wawahi vitabu. Wapya wanapokelewa mwanzo wa mwezi. Mvalishe mwanao suruali ndefu, kaptula itamchubua mapaja siku ya kwanza tu, na mpe maji ya kutosha kutoka nyumbani kwa sababu bomba la shule hufungwa mapema.