Fidia mkononi au kurudi kazini?

Fundi wa kiwanda cha mbao aliyekatwa vidole na msumeno ana njia mbili, na nchini Tanzania Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 inazitambua zote: malipo ya ulemavu wa kudumu na huduma za utengamao, yaani kumsaidia aliyeumia aweze tena kufanya kazi. Michango ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaogharimia haya, hulipwa na mwajiri, mshahara haukatwi.

Fedha huziba pengo haraka: kodi, ada, chakula. Haimfundishi mtu kushika patasi kwa vidole viwili.

Utengamao ni safari ndefu zaidi. Mazoezi ya tiba yaanze mapema, kabla viungo havijakakamaa; kisha kiungo bandia kikihitajika, ushauri nasaha, na mafunzo ya kazi nyingine, labda kupima mbao au kutunza stoo. Mwajiri naye abadilishe meza, zana au zamu. Bila hilo mafunzo hayana pa kutumika.

Mimi naegemea utengamao, fidia ikiendelea kulipwa. Na msumeno ule ufungwe kinga kabla fundi mwingine hajausogelea. Glovu hazitoshi, zinaweza hata kunaswa na meno yake na kuuvuta mkono.