Massey Ferguson 5S na Fendt 300 Vario: tofauti iko kwenye giaboksi

Karibuni, watazamaji. Leo tunayalinganisha matrekta mawili ya ukubwa wa kati, Massey Ferguson 5S na Fendt 300 Vario. Yote mawili yanatoka kwa kampuni mama moja, AGCO, na yote yanatumia injini ya AGCO Power ya silinda 4 yenye ujazo wa lita 4.4. Nguvu ya 5S inaanzia farasi 105 hadi 145 kulingana na toleo, ilhali toleo la 314 la Fendt hufika farasi 142, au 152 linapoongezewa msukumo. Kwa hiyo anayetaka kuchagua kwa kuhesabu nguvu farasi peke yake hatapata jibu.

Jambo moja tu kuhusu nguvu. Plau inapokutana na udongo mgumu, kinachookoa kazi ni akiba ya torki (nguvu ya kuzungusha), yaani uwezo wa injini kuendelea kuvuta huku mizunguko yake ikishuka. Mkipewa nafasi ya kujaribu, utazameni mshale wa mizunguko: ukishuka kutoka 1,900 hadi karibu 1,500 kwa dakika na trekta bado linavuta bila kuomba gia ndogo, injini hiyo ina pumzi.

Sasa tuje kwenye giaboksi, ambako ndiko fedha zenu zinakokwenda. 5S lenye giaboksi iitwayo Dyna-4 lina makundi 4 ya gia, na kila kundi lina hatua 4 zinazobadilishwa bila kukanyaga klachi, hivyo mnapata gia 16 za mbele na 16 za nyuma. Dyna-6 ina hatua 6 katika kila kundi, jumla 24. Kwenye karatasi nyongeza hiyo huonekana ndogo, lakini shambani ina maana kubwa, kwa sababu shafti ya PTO, ile inayotoka kwenye trekta kuendesha zana, ikitakiwa kuzunguka mara 540 kwa dakika bila kuyumba, hamwezi kupunguza mwendo kwa kupunguza mafuta. Lazima muipate gia inayolingana na kazi, na pengo kati ya gia likiwa pana mtakwenda ama kasi mno ama polepole mno.

Vario, teknolojia ya giaboksi ambayo Fendt iliizindua mwaka 1995, haina pengo hilo kabisa. Ndani yake nguvu hugawanywa njia mbili, moja ya haidroliki na nyingine ya gia za kawaida. Trekta linapoondoka haidroliki ndiyo hubeba kazi, na kadiri mwendo unavyoongezeka gia huchukua sehemu kubwa zaidi. Ukitaka kilomita 5.3 kwa saa, unapata 5.3, na PTO haibadiliki. Kwa kazi za kupakia kwa loda, za kwenda mbele na kurudi nyuma kutwa nzima, sijui dereva atakayeijaribu kisha akatamani klachi. Lakini kama kazi yenu kubwa ni kulima kwa mwendo mmoja asubuhi hadi jioni, mimi ningechukua Dyna-6, kwani nguvu hupita kwenye gia moja kwa moja bila kupotea kama joto ndani ya mafuta ya haidroliki, na fundi wa kawaida huielewa kwa urahisi zaidi.

Kwenye kabini, 5S lina boneti iliyoinama mbele, na faida yake huonekana mara tu mnaposhusha ndoo ya loda chini: mnaiona bila kunyanyuka kitini. Kuhusu kelele, msidharau tofauti ya desibeli 3 kwenye karatasi za mauzo, maana kila desibeli 3 zinazoongezeka huongeza nishati ya sauti maradufu.

Kabla ya kulipa, kaeni kitini, fungeni mkanda, kisha geukeni nyuma muitazame mikono ya kuinulia zana kwa dakika kadhaa, kwa kuwa hivyo ndivyo mtakavyokaa wakati wa kulima. Shingo ikianza kulalamika hapo dukani, jaribuni kiti kinachozunguka kidogo upande wa kulia.